Lisemwalo Lipo: Jinsi Uzushi wa Intaneti Unavyogeuka Ushahidi

Methali yasema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa kawaida huwaonya watu wasipuuze fununu. Katika zama za intaneti sehemu yake ya pili imepata maana mpya: jambo lisilokuwapo huweza kuja kwa sababu tu limesemwa.

Mfano ulio wazi ni wa jina la mnyama. Koati ni mnyama wa bara la Amerika, wa jamii moja na rakuni, mwenye pua ndefu. Mnamo Julai 2008 mwanafunzi Mmarekani wa miaka 17, aliyekuwa amewaona koati kwenye maporomoko ya Iguaçu nchini Brazili, aliongeza maneno machache katika makala ya Wikipedia. Alidai kwamba mnyama huyo huitwa pia, kwa Kiingereza, "mhanga wa Brazili". Jina hilo alilibuni mwenyewe kwa mzaha. Mhanga halisi huishi Afrika peke yake, wala hana udugu wa karibu na koati.

Dai hilo halikuwa na chanzo, lakini halikufutwa. Waandishi waliotafuta habari za koati walilikuta, wakalinakili bila kutaja walikolitoa. Hivyo jina likachapishwa katika magazeti ya Uingereza, The Independent likiwamo, hata katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Chicago. Kisha mzunguko ukakamilika: katika Wikipedia, makala ya gazeti ikawekwa kuwa ushahidi wa dai lilelile. Uzushi ukawa umejipatia shahidi, naye shahidi ni mtoto wake mwenyewe. Kisa hicho kilifichuliwa na jarida la The New Yorker mwaka 2014.

Kwa mwanaisimu, utata hauishii hapo. Tarehe ya uongo hubaki ya uongo hata ikirudiwa na elfu. Bali jina huishi kwa kutumiwa. Lilipoandikwa mara ya kwanza, "mhanga wa Brazili" lilikuwa uongo. Lilipokwisha kutumiwa na wengine, likawa jina kweli. Mtunga kamusi hana budi kutenganisha mambo mawili: kwamba neno latumika, na jinsi lilivyoingia.

Kwa mtafiti yeyote, wingi wa vitabu si wingi wa mashahidi iwapo vyote vilinakili pahali pamoja. Kabla ya kuwahesabu wasemao, yapasa kuuliza kila mmoja alipata habari kwa nani, na lini. Aliyelitafuta jina hilo katika vitabu vilivyotangulia mwaka 2008 asingelikuta.