Mshubiri Katika Mkebe

Hapa Goma akina mama wengi wanao mmea wa alovera karibu na mlango, katika mkebe wa zamani. Wasemao Kinyarwanda huuita igikakarubamba. Watu wa pwani huuita mshubiri, na utomvu wake huitwa shubiri. Ndiyo maana husema jambo fulani ni chungu kama shubiri. Ni mmea mvumilivu, lakini mara nyingi twaukuta umeoza, kwa kuwa mwenyewe aliupenda mno akaunywesha kila siku.

Majani yake manene ni ghala la maji. Mizizi hufa ikikaa matopeni. Nasi tunayo mawe yanayoufaa sana: moto wa Nyiragongo uliposhuka mwaka 2002 ukapita katikati ya mji, uliacha mawe meusi yenye matundu. Twaa changarawe yake nusu na udongo nusu, uchanganye. Toboa kitako cha mkebe kwa msumari. Mkebe uliokuwa na dawa ya wadudu usiutumie kabisa.

Mmea mkubwa huzaa machipukizi kando ya shina. Chipukizi likipita urefu wa kidole, ling'oe pamoja na mizizi yake, uliache kivulini siku mbili au tatu mpaka kidonda chake kikauke, ndipo ulipande. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni. Kama chini kungali na unyevu, ngoja. Wakati wa mvua nyingi usogeze chini ya paa. Majani yakiwa laini na ya rangi ya kahawia, maji yamezidi. Yakiwa membamba na kujikunja, mmea una kiu.

Sasa, habari ya moto wa nyumbani. Mtoto akiguswa na babula au kumwagikiwa na chai, usikimbilie alovera, wala mafuta, wala dawa ya meno. Kwanza mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kama ngozi imekuwa nyekundu tu, haikupasuka wala kutoka malengelenge, hapo alovera yaweza kumtuliza. Kidonda kikipita ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au kikiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, mfunike kwa kitambaa safi, mlete hospitali upesi. Tunasikitika tukimpokea siku ya tatu, kidonda kimekwisha kunuka.

Nawa mikono kwa sabuni, kata jani la chini, ulisimamishe robo saa ili utomvu wa manjano utoke. Lioshe, limenye, tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Ule wa manjano huharisha vikali na kukaza tumbo. Mama mwenye mimba asiunywe, wala mtoto asipewe, hata jirani akisema ni dawa ya minyoo. Na ziko aina za porini zenye sumu, zinazofanana nao. Jani likibaki, lisiwekwe mpaka kesho, kata jipya.