Nyumba Inapohama, Barabara Ndiyo Inayokaguliwa

Kwetu mtu akisema amehama nyumba, tunaona kirikuu kilichosheheni godoro, kabati na ndoo; nyumba yenyewe imebaki palepale na mwenye nyumba wake. Jumapili ya tarehe 21 Februari 2021, wakazi wa San Francisco, Marekani, waliona kinyume chake. Nyumba ya mbao ya ghorofa, yenye umri wa miaka 139, iliteremka barabarani na madirisha yake na mlango wake wa mbele, ikitoka namba 807 Mtaa wa Franklin kwenda namba 635 Mtaa wa Fulton. Safari yote ni vitalu sita, lakini ilipangwa kwa miaka.

Ufundi wa kuinyanyua nyumba si mgeni. Mihimili ya chuma hupitishwa chini ya sakafu, jeki zikaiinua taratibu kutoka kwenye msingi, kisha ikakalishwa juu ya magurudumu. Kinachochosha ni vibali. Kwa nyumba ile moja, vilihitajika kutoka idara zaidi ya 15 za mji.

Kwa nini nyingi hivyo? Simama kando ya barabara yoyote ya mjini utazame juu, chini na pembeni. Waya ni za shirika la umeme au la mabasi, miti ni ya idara nyingine, taa na alama ni za wasimamizi wa barabara, na mabomba chini ya lami yana mwenyewe. Mwenye nyumba anamiliki kuta zake tu. Kila anachopishana nacho njiani kina mwenyewe wa kuombwa hodi. Ndiyo maana siku ile mita za maegesho ziling'olewa, matawi yakakatwa, alama za barabarani zikahamishwa, na nyumba ikaruhusiwa kwenda kinyume cha uelekeo kwenye barabara ya njia moja. Mwendo wake haukuzidi maili moja kwa saa, polepole kuliko mtu anayetembea.

Huku kwetu kanuni hii inajulikana kwa wenye malori. Mzigo uliozidi upana au urefu wa kawaida hauingii barabara kuu za Tanzania bila kibali maalumu cha wakala wa barabara, TANROADS. Nyumba mbele ya sheria ni mzigo wa aina hiyo, ila una paa.

Njia isipotosha, mhamishaji ana mambo mawili: kuikata nyumba vipande, au kuipanua barabara. Kiruna, Sweden, walichagua la pili. Agosti 2025 kanisa lao la mbao la mwaka 1912, lenye uzito wa tani 672, lilisafirishwa kilomita 5 kwa siku mbili kupisha mgodi wa chuma. Barabara ilipanuliwa kutoka mita 9 hadi 24.

Kule San Francisco, mwenye nyumba alilipa takriban dola 400,000 za ada na gharama za kuhama. Kiwanja kilichoachwa kilipangiwa jengo la ghorofa nane lenye makazi 48, na nyumba kongwe ikanusurika kubomolewa. Hata hivyo, kuifikisha nyumba hakumalizi deni la aliyeihamisha. Aliyeng'oa alama na mita barabarani hudaiwa na barabara hiyo hadi kila kitu kirudi mahali pake.