Fahamu: Jinsi India inavyomlinda Msamaria Mwema

Pikipiki imegongwa, kijana anavuja damu barabarani, watu wamemzunguka na hakuna anayemgusa. Si roho mbaya. Wanaogopa kesi, na woga huo haukuwa wa bure.

Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya India iliidhinisha miongozo ya kuwalinda wasamaria wema. Mwaka 2019 Bunge likaongeza kifungu cha 134A katika sheria ya magari. Ukilikandamiza jeraha la kijana huyo kwa kitambaa, kwa nia njema na bila kudai malipo, kisha kwa bahati mbaya akafariki, hushtakiwi wala hudaiwi fidia. Polisi hawawezi kukulazimisha utaje jina.

Ila kinga hiyo ni ya ajali za magari tu. Ukimwopoa mtu mtoni, kifungu hicho hakikuhusu.