Shoka la Unyamwezi

Shoka la Unyamwezi ni shoka la asili linalotumika katika misitu ya miombo ya Tanzania magharibi, hasa mkoani Tabora. Linatofautiana na shoka la dukani katika namna chuma kinavyoungana na mpini. Katika shoka la dukani mpini hupita ndani ya tundu la chuma. Katika shoka hili chuma ndicho kinachopita ndani ya tundu la mpini. Mashoka ya namna hii yanapatikana pia katika sehemu nyingine nyingi za Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini. Kwa hiyo jina hili linataja mahali linapoelezwa, si mahali lilipobuniwa.

Kwa shoka hili Wanyamwezi walifyeka mashamba, walikata nguzo za nyumba za tembe, walitengeneza mizinga ya nyuki, walijenga kambi za misafara na mara nyingine walipigana. Ni kifaa kidogo na chepesi, lakini likishikwa kwa mikono miwili na mtu anayelijua linaweza kuangusha mti mkubwa.

## Muundo

Shoka lina sehemu tatu:

* Bapa, yaani sehemu pana ya chuma yenye makali mbele. Umbo lake hufanana na pembetatu: ni pana penye makali na huzidi kuwa jembamba kuelekea nyuma.
* Msuka, yaani mkia wa chuma uliochongoka, unaoingia ndani ya mpini.
* Mpini, yaani fimbo ya mti mgumu ambayo upande mmoja una kichwa kinene kama rungu. Tundu la kuingizia msuka hupita katika kichwa hicho.

Kwa mpini huchaguliwa mti usiopasuka kwa urahisi. Mchongaji hutafuta sehemu ambapo shina linakutana na mzizi au tawi, kwa sababu hapo nyuzi za mti zimepishana. Tundu hutobolewa kwa chuma chenye ncha kilichopashwa moto hadi kuwa chekundu. Kuunguza huko hulipa tundu umbo linaloufuata msuka vizuri zaidi kuliko kuchonga kwa kisu.

### Kwa nini halichomoki

Msuka ni kabari. Makali yanapogonga mti, mti nao huusukuma msuka nyuma, na msuka huzidi kuzama katika tundu. Hivyo kila pigo hulikaza shoka badala ya kulilegeza. Shoka la dukani, ambalo mpini wake umepita ndani ya chuma, huhitaji kabari ya ziada, na mpini ukikauka chuma chaweza kuruka na kumjeruhi mtu.

Muungano huu una faida nyingine. Chuma huweza kutolewa kwa kugonga ncha ya msuka kutoka nyuma, kikanolewa au kikatiwa mpini mpya. Pia chaweza kugeuzwa robo mzunguko, ili makali yakae kukingama na mpini badala ya kwenda sambamba nao. Shoka huwa tezo, chombo cha kuchongea mizinga, vinu na mitumbwi.

Udhaifu wake uko katika kichwa cha mpini. Kwa kuwa kila pigo huusukuma msuka ndani, siku moja kichwa huweza kupasuka. Ndiyo maana wengine hukizungushia ngozi mbichi, ambayo hujikaza inapokauka, au waya.

## Uhunzi

Kabla ya chuma cha Ulaya kuenea, wahunzi wa nchi za magharibi na za kusini mwa ziwa Viktoria walipata chuma kutoka katika mawe yenye madini. Mawe hayo yalichomwa pamoja na makaa ya miti migumu katika tanuri la udongo, huku hewa ikisukumwa kwa mivukuto. Joto la tanuri lilifikia takriban nyuzi 1200 za Selsiasi. Chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1538, kwa hiyo katika tanuri hakikuyeyuka: uchafu ndio ulioyeyuka na kutiririka, ukaacha bonge la chuma lenye matundu. Uchafu huo huitwa mavi ya chuma, na mabaki yake ni dalili muhimu kwa wanaakiolojia kwamba mahali fulani palikuwa na tanuri.

Mhunzi alilipasha moto bonge hilo mara nyingi na kuligonga ili kutoa uchafu uliosalia, kisha akalifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Chuma hicho kwa kawaida kilikuwa laini, hivyo makali yalipogonga fundo la mti yalijipinda badala ya kumeguka, na yalinyooshwa kwa nyundo na kunolewa kwa jiwe.

Siku hizi wahunzi wa vijijini hawayeyushi tena mawe. Hutumia vyuma chakavu, hasa springi za magari, ambazo ni chuma cha pua na hushika makali kwa muda mrefu zaidi.

## Namna ya kutumia

### Uzito na mwendo

Nguvu ya pigo hutegemea uzito wa chuma na kasi yake, lakini kasi ina uzito mkubwa zaidi katika hesabu. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Tuchukue mfano: chuma cha kilo 1 kikienda mita 10 kwa sekunde kina nishati ya jouli 50. Chuma cha nusu kilo kikienda mita 15 kwa sekunde kina jouli 56. Shoka jepesi linaloshuka haraka haliachwi nyuma na shoka zito linalokwenda polepole, na mkataji hachoki upesi.

### Mikono miwili

Katika kuangusha mti, mkono mmoja hushika mwisho wa mpini na hauondoki hapo. Mkono wa pili huanza karibu na kichwa wakati wa kuinua, kisha huteleza kuufuata mwenzake wakati shoka linaposhuka. Mtelezo huo ndio unaotoa kasi. Anayeikaza mikono yote mahali pamoja hutumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo.

Makali hayapigwi moja kwa moja kukata nyuzi za mti, kwani yangekwama. Pigo la kwanza hushuka kwa mshazari, na la pili huingia chini yake, ili kibanzi kiruke. Mkato hufanana na herufi V iliyolala. Mkato wa kwanza hukatwa upande ambao mti utaangukia, hadi kiasi cha robo au theluthi ya unene wa shina. Mkato wa pili hukatwa upande wa nyuma, juu kidogo ya ule wa kwanza. Katikati huachwa ukanda wa mti usiokatwa, unaofanya kazi ya bawaba: ndio unaouongoza mti unapoanguka.

### Mkono mmoja

Mkono mmoja hutumika kwa matawi, kwa kuchonga, na kwa kazi ya juu ya mti, ambapo mkono wa pili unashikilia tawi. Shoka la dukani lenye chuma kizito halifai sana kwa kazi hii.

### Tahadhari

* Kagua kichwa cha mpini kabla ya kazi. Chenye ufa kibadilishwe.
* Tazama juu kama kuna matawi makavu yaliyoning'inia.
* Safisha njia ya kukimbilia, iende nyuma na pembeni. Usisimame nyuma ya shina moja kwa moja, kwa sababu shina huweza kuruka nyuma linapoanguka.
* Unapokata matawi ya mti uliolala, simama upande wa pili wa shina, ili shina likukinge miguu.
* Watoto na watazamaji wakae mbali zaidi ya urefu wa mti.

## Katika njia ya misafara

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Richard Burton na John Hanning Speke walifika huko mnamo Novemba 1857. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani na vitambaa, shanga na waya kurudi bara. Vyuma pia vilikuwa bidhaa: majembe yaliyofuliwa Usukuma na Unyamwezi yalibebwa na misafara na kutumika kulipia hongo katika nchi ya Ugogo.

Shoka lilikuwa kifaa cha kila jioni. Msafara ulipotua ilibidi kukata matawi ya vibanda, kuni za moto, na miiba ya kuizungushia kambi kwa ajili ya kujikinga na simba, fisi na wezi. Safari ya miezi mitatu ilikuwa na jioni nyingi za namna hiyo.

Ujuzi wa kubandua magome unaonekana katika tukio moja mashuhuri. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kuupeleka mwili wake pwani. Walibandua gome la mti likatoka zima kama bomba, wakaulaza mwili ndani yake, wakaufunga kwa turubai na kuutundika kwenye mti wa kubebea. Mnamo Oktoba mwaka huo walifika Kwihara, karibu na Tabora, mahali ambapo Livingstone mwenyewe alikuwa ameishi mwaka 1872. Gome la namna hiyo ndilo hilo hilo linalotengenezewa mizinga ya nyuki.

## Ufugaji wa nyuki

Tabora ni kati ya mikoa inayojulikana zaidi nchini kwa asali. Miti ya miombo, hasa ya jenasi Brachystegia na Julbernardia, huwapa nyuki chavua na nekta. Mizinga ya asili ni ya aina mbili, na zote hutengenezwa kwa shoka.

Mzinga wa gogo hutengenezwa kwa kupasua gogo, kulichonga ndani kwa tezo na kuunganisha vipande. Ni kazi ndefu, lakini mzinga hudumu miaka mingi. Mzinga wa gome hutengenezwa haraka zaidi. Mkataji hukata mviringo mmoja chini ya shina na mwingine juu, hupasua mstari mmoja kati ya miviringo hiyo, kisha hulibandua gome taratibu.

Tatizo liko hapo. Chakula kinachotengenezwa na majani husafiri kwenda kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome. Gome likiondolewa kulizunguka shina zima, mizizi hukosa chakula na mti hufa. Mfugaji anayetengeneza mizinga kumi ya gome huua miti kumi ambayo ingewalisha nyuki wake. Kwa sababu hiyo maofisa nyuki huhimiza mizinga ya mbao na kuwashauri wafugaji waache ile ya magome.

## Kama silaha

Shoka la kazi liliweza kuwa silaha wakati wa vita. Wasafiri wa karne ya 19 waliyataja mashoka madogo pamoja na mikuki, pinde na visu. Hata hivyo, katika vita vya Mirambo (alifariki 1884) dhidi ya Waarabu wa Tabora, bunduki za gobori na mikuki zilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Upande wa Kongo, Wasonge walifua mashoka yenye nyuso za watu kwenye bapa, yaliyobebwa kama alama ya hadhi.

Shoka la vita lililotengenezwa hasa kwa mikono miwili linajulikana zaidi kutoka Ulaya ya kaskazini, na lilitumiwa na Waingereza katika mapigano ya Hastings mwaka 1066. Mpini mrefu ulitoa pigo kubwa, lakini mpiganaji alibaki bila mkono wa kushika ngao. Kanuni hiyo imeingia hata katika michezo ya kompyuta ya kuzuru mapango ya kubuni. Katika NetHack, iliyotolewa mwaka 1987, mchezaji anayeshika shoka la vita hawezi kuvaa ngao. Mkataji wa miombo naye hulijua jambo hilo: mikono yote ikiwa kwenye mpini, kinga yake ni macho na mahali aliposimama.

## Shoka na msitu

Kwa muda mrefu shoka halikuumaliza msitu. Miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki, na shamba lililoachwa hurudi kuwa msitu. Kukata kwa mkono kulikuwa kazi ngumu, na ugumu huo wenyewe ulikuwa kipimo.

Kipimo hicho kilivunjika katika karne ya 20. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, ambao Urambo, magharibi mwa Tabora, ilikuwa moja ya sehemu zake. Matrekta makubwa yaling'oa miti pamoja na mizizi, na mpango ukashindwa kufikia mwaka 1951. Baadaye kilimo cha tumbaku kiliongeza mahitaji ya kuni za kukaushia majani, na mkaa wa mijini ukafuata. Misumeno ya injini hufanya kwa dakika chache kazi ya shoka ya nusu siku.

Leo ukataji miti katika misitu ya hifadhi unahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ufugaji wa nyuki una sheria yake ya mwaka huo huo. Shoka la msuka bado lipo vijijini, likitundikwa begani na wanaume wanaokwenda porini. Kisiki kilichokatwa kwa shoka na kuachwa bila kuchomwa moto wala kung'olewa kwa kawaida huchipua. Mti uliobanduliwa gome pande zote hukauka ukiwa umesimama.