Begi la London: Kipi Ubebe, Kipi Uache

Tiketi umeshakata, na kila ndugu anakuletea mzigo. Kabla hujafunga zipu, shika namba moja: Pauni 390. Hiyo ndiyo thamani ya zawadi na bidhaa ambazo abiria wa ndege anaingia nazo Uingereza bila kulipa chochote. Pombe na sigara zina vipimo vyake.

Mtego uko hapa. Ukipitisha kiwango hutozwi kwenye ziada tu, unatozwa kwenye thamani yote. Pete ya tanzanite ya Pauni 380 inapita bure. Ya Pauni 500 inakatwa VAT ya asilimia 20 kwenye 500 nzima, yaani Pauni 100, na ushuru wa forodha bado. Mume na mke hawaruhusiwi kuunganisha viwango vyao kwa pete moja. Basi chukueni mbili ndogo, kila mtu na yake, na risiti mkononi.

Je, utume kwa posta? Zawadi inayotumwa Uingereza inasamehewa VAT ikiwa haizidi Pauni 39 tu, mara kumi chini ya ile ya begi. Ikizidi, anayepokea ndiye anayedaiwa kodi, pamoja na ada ya msafirishaji ya kushughulikia kifurushi. Zawadi gani hiyo, ya kumdai mwenyewe? Begi linashinda, mradi ulipime nyumbani, maana kilo za ziada zikigundulika kaunta ya uwanja wa ndege zina bei ya kukomoa.

Chakula ndicho kinachotia watu hasara zaidi, kwa sababu hakitozwi kodi: kinachukuliwa. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu Afrika Mashariki ni marufuku, iwe sambusa za nyama au samli ya bibi. Samli ipo kwenye maduka ya Wahindi hukohuko London, nunua huko. Embe hazidai cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi pia hazidai cheti. Dagaa wakavu ndio mzigo wenye faida: wepesi, hawaozi, na samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20.

Miraa usiguse kabisa. Tangu Juni 2014 ni dawa ya kulevya kisheria kule.

Wakati wa kurudi, usipigie hesabu kurudishiwa VAT ya madukani. London utaratibu huo ulifutwa Januari 2021. Bei kwenye kibandiko ndiyo bei yako. Na duka la uwanja wa ndege linaloitwa "bila ushuru" limekuondolea kodi ya kule tu. Uingereza inamruhusu mtu mzima kuingia na lita 4 za pombe kali, lakini sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuachia lita 1, au lita 2 za mvinyo. Chupa ya pili ya wiski iache rafuni.

Ukijua umezidisha kwenda London, tangaza mzigo mtandaoni ndani ya siku tano kabla ya kufika, au pita mwenyewe mlango mwekundu wa forodha. Ukikamatwa mlango wa kijani, wana haki ya kuchukua mzigo wote.