Fahamu: Utajuaje kama X imekuficha kimyakimya?

Akaunti iko wazi, unaandika kama kawaida, ila wasomaji wametoweka. Twitter, kama X ilivyoitwa zamani, ilikanusha mwaka 2018 kwamba huwaficha watu kwa siri. Desemba 2022, nyaraka za ndani zilizotolewa chini ya Elon Musk zilionyesha akaunti zilizozuiwa kuonekana kwenye utafutaji au kwenye mada zinazovuma. Mojawapo ilikuwa ya Jay Bhattacharya, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford.

Zana za kivinjari za kukagua kama umefichwa hukutafuta kama mgeni angekutafuta. Je, jina lako linapendekezwa? Machapisho yako yanatokea? Majibu yako yamesukumwa chini kabisa? Zilitegemewa hadi 2023, X ilipoanza kudai watu waingie kwenye akaunti ndipo watafute. Tangu hapo nyingi zinabahatisha, na chapisho lisilovutia nalo hukosa wasomaji bila kufichwa na mtu.

Tahadhari kubwa ni ruhusa ambazo zana hizi huomba. Kiendelezi cha kivinjari kinachotaka kusoma kila ukurasa unaoufungua, au kinachoomba nywila yako, kiondoe. Badala yake, mwombe rafiki asiyekufuata aandike kwenye utafutaji from: na jina la akaunti yako, kisha akuonyeshe anachokiona. Instagram nayo ina sehemu ya Hali ya Akaunti inayoeleza kama machapisho yako yanaweza kupendekezwa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inailazimu mitandao kumweleza mtumiaji sababu za kumpunguzia mwonekano. Julai 2024, mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba X ilikiuka sheria hiyo.