KUCHAGUA UPANDE BILA KUPOTEZA JIRANI

Ndugu msomaji, wewe uliyeko kambini, kituoni au nyumbani pamoja na watoto, naomba nikuulize swali dogo. Timu mbili za mbali zinapokutana katika fainali, na nchi yako haimo, ni kitu gani kinachokufanya uitakie moja ushindi na nyingine uiombee kushindwa? Hujapata kufika kwao, lugha yao huijui, wala wao hawajui kwamba wewe uko duniani. Hata hivyo, siku ya mchezo moyo wako hauwezi kukaa katikati. Utachagua tu.

Swali hili lilinijia kwa nguvu mwezi wa Desemba 2022, Argentina na Ufaransa zilipokuwa zikijiandaa kukutana huko Qatar kugombea Kombe la Dunia. Kwa siku nne nilikuwa safarini baina ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Niliyoyaona yalinifundisha kwamba kuchagua timu ni jambo la mchezo, lakini namna ya kuichagua si mchezo hata kidogo.

ADA IMECHAGUA NANI?

Ijumaa tarehe 16, nilipokuwa nikijiandaa kwa safari ya kikazi, nilipita kumwaga jirani yangu hapo Mbarara. Yeye ni askari mwenye cheo cha koplo, mtu mpole na mchapa kazi. Nilimkuta ameketi mlangoni, redio pembeni, na uso umejaa furaha.

"Bwana, mimi ni Argentina," aliniambia kabla sijauliza. "Messi alilikosa Kombe mwaka 2014 mbele ya Wajerumani. Safari hii Mungu hawezi kumnyima tena."

Mkewe alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua uso. "Baba watoto," alisema taratibu, "kumchagua Messi si neno. Lakini ile ada ya watoto ya mwezi wa Februari, yenyewe imechagua nani?"

Koplo akacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyekwisha kutenda jambo. Aliponisindikiza hadi barabarani, alininong'oneza kwamba ameweka shilingi 200,000 katika kamari ya mpira, kwamba Argentina itashinda. Nilimwomba Mungu amsitiri, nikaenda zangu.

SOKO LENYE MATAIFA MENGI

Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni kiasi cha kilometa 60. Barabara hupita katika vilima vya Isingiro vilivyojaa migomba ya matoke, kisha huteremka kuelekea Ziwa Nakivale na nchi kavu iliyo karibu na mpaka wa Tanzania. Wakimbizi wamepokewa hapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, wakati watu wa Rwanda walipoanza kuyakimbia machafuko ya nchi yao. Ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 100,000, na Wakongo ndio wengi kuliko wote. Wako pia Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi na wengineo. Hakuna ua wa seng'enge. Mtu hupewa kipande cha ardhi, hujenga, hulima, hufungua duka. Watu hawa wakitaka kuuziana nyanya au kusalimiana, aghalabu lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Nilipokewa na mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu. Jumamosi jioni, kazi ilipokwisha, alinipeleka sokoni. Huko palikuwa na banda la mama mmoja Mkongo, fundi cherehani, na ubavuni mwake banda la kinyozi kutoka Rwanda. Vijana walikuwa wamejazana baina ya mabanda hayo mawili, wakibishana kwa sauti kubwa.

Wengi wa vijana wa Kikongo walikuwa upande wa Ufaransa, na walikuwa na hoja zao. Mlinda mlango Steve Mandanda alizaliwa Kinshasa. Wazazi wa mshambuliaji Randal Kolo Muani wametoka Kongo. Kylian Mbappé mwenyewe, baba yake asili yake ni Kameruni na mama yake asili yake ni Aljeria. "Hiyo si timu ya Ulaya," alisema kijana mmoja kwa kujigamba, "hiyo ni Afrika iliyovaa jezi ya buluu."

Yule mama fundi hakusema mengi. Alisimamisha cherehani yake akasema, "Mimi Ufaransa siijui. Ninamjua mtoto mmoja tu, Camavinga."

Nilielewa mara moja. Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi huko Cabinda, nchini Angola, na wazazi wake ni Wakongo waliokimbia vita. Akiwa mtoto mdogo walihamia Ufaransa, na alipotimiza miaka 20 alikuwa katika kikosi kinachogombea Kombe la Dunia. Mama fundi ana mwana aliyezaliwa papo hapo Nakivale. Je, msomaji, ungeweza kumwambia mama huyo kwamba amechagua upande usiomhusu?

UPANDE WA PILI NAO ULIKUWA NA SABABU

Upande wa Argentina nao haukuwa mtupu. Walikuwako wapenzi wa Messi, ambao hawakuhitaji sababu nyingine. Walikuwako pia wale waliokuwa wakiishangilia Moroko, timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Siku tatu kabla, Jumatano tarehe 14, Ufaransa ilikuwa imeifunga Moroko mabao 2 kwa 0. Kijana mmoja Msomali aliniambia wazi kwamba yeye haipendi Argentina hasa, ila hawezi kumshangilia mtu aliyemwondoa ndugu yake.

Kisha kulikuwa na sababu ambazo watu hawakuzitaja. Kwa baadhi ya watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu, jina la Ufaransa lina kumbukumbu nzito kwa sababu ya yaliyotokea Rwanda mwaka 1994. Yule kinyozi alisema neno moja tu: "Argentina." Hakueleza kwa nini.

Hapo kijana mmoja, kwa utani usio na breki, akamrukia. "Ninyi watu wa kule tunawajua! Chuki yenu haiishi!"

Mkasi wa kinyozi ukasimama. Soko likanyamaza. Mama fundi akaondoka kitini. Mimi niliyezoea darasa nilijua kwamba kimya cha namna ile huweza kuzaa jambo baya.

Aliyekivunja alikuwa mzee mmoja Mrundi, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa.

"Wanangu," alisema, "mwaka 1993 kule kwetu niliulizwa niko upande gani. Aliyeniuliza alikuwa na panga mkononi. Sikuwa nimechagua upande wowote. Nilikuwa nimezaliwa tu. Hapa leo ninaulizwa niko upande gani, na anayeniuliza ana tarumbeta ya plastiki. Nikisema Argentina, atanizomea. Nikisema Ufaransa, atanikumbatia. Kesho kutwa sote tutakuwa tumesahau. Msiiharibu neema hii kwa kuwarudisha watu katika upande wa kuzaliwa."

Yule kijana aliinama. Akamwendea kinyozi, akampa mkono, akasema, "Unisamehe, mkubwa." Kinyozi akaupokea mkono ule, kisha akamwambia mzee aketi, kwa kuwa zamu yake imefika.

ZAMU YA MLINZI

Jumapili tarehe 18 mchezo ulianza saa 12 jioni. Watu walianza kujipanga mapema mbele ya kibanda cha televisheni. Mlangoni walisimama askari polisi wawili, mwanamume na mwanamke, wakimpekua kila aingiaye. Baadhi ya vijana walinung'unika.

Wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi hawahitaji kukumbushwa sababu ya ukaguzi huo. Tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka mjini Kampala katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kihabeshi huko Kabalagala. Watu zaidi ya 70 walipoteza maisha. Kundi la Al-Shabaab la Somalia lilikiri kutenda uovu huo. Walioketi kutazama mpira walikuwa wa kila upande. Mauti hayakuuliza nani anaishangilia timu ipi.

Nilichokipenda kwa wale askari wawili ni usawa wao. Yule kijana Msomali alipofika mlangoni, alipekuliwa kama alivyopekuliwa Mkongo aliyemtangulia na kama nilivyopekuliwa mimi, si zaidi wala si pungufu. Askari wa kike alimwambia, "Karibu, kaka, ingia." Familia nyingi za Kisomali zilizoko Nakivale zimewakimbia watu wale wale waliotupiga Kampala. Mlinzi mwema huichunguza mifuko ya wote, bila kumhukumu mtu kwa uso wake.

USIKU WA MIKWAJU

Ndani palikuwa na joto na vumbi, na jenereta lilinguruma nyuma ya ukuta. Hadi mapumziko Argentina ilikuwa mbele kwa mabao 2, la Messi kwa penalti na la Ángel Di María. Upande wa mama fundi ulikuwa umekaa kama watu walio matangani. Dakika ya 71 Camavinga akaingizwa. Mama akasimama peke yake, akapiga makofi. Dakika ya 80 Mbappé akafunga kwa penalti, na kabla watu hawajaketi akafunga tena. Katika muda wa nyongeza Messi akaongeza, na Mbappé akasawazisha kwa penalti nyingine: 3 kwa 3. Dakika za mwisho kabisa Kolo Muani alibaki ana kwa ana na Emiliano Martínez, naye mlinda mlango huyo akauzuia mpira kwa mguu. Nimehudhuria mikutano mingi, lakini sijapata kusikia watu mamia wakishusha pumzi kwa pamoja namna ile.

Mikwaju ya penalti iliipa Argentina ushindi wa 4 kwa 2. Nusu ya kibanda iliruka juu. Nilimtafuta yule kinyozi kwa macho. Hakuwa akiruka. Alipenya katikati ya watu hadi alipokuwa mama fundi, akamwambia, "Mama, mtoto wako amecheza vizuri."

Mama akajifuta uso kwa kanga. "Asante," akajibu. "Kesho uje uchukue suruali yako. Imekwisha."

HESABU YA KOPLO

Jumatatu nilirudi Mbarara, nikaenda moja kwa moja kumpongeza koplo. Nilimkuta ameketi pale pale mlangoni, lakini redio ilikuwa imezimwa.

"Mbona hivyo, na timu yako imetwaa Kombe?" nilimwuliza.

Akanieleza kwa sauti ndogo. Kamari yake ilihesabu dakika 90 tu za kawaida. Dakika hizo zilipokwisha matokeo yalikuwa 2 kwa 2, yaani sare. Argentina ilichukua Kombe, naye akapoteza fedha zake zote. Waliobashiri ushindi wa Ufaransa walipoteza, na waliobashiri ushindi wa Argentina walipoteza vile vile.

Mkewe hakumzomea wala hakumwaga maneno mbele ya mgeni. Alinikaribisha chai. Mwezi wa Februari ada ililipwa, lakini ililipwa kwa mbuzi wawili aliokuwa amewafuga mama yule kwa akiba yake. Koplo mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na ameniruhusu niandike ili wenzake wajifunze. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Lakini koplo amekwisha kuuvuka umri huo, na busara haiji kwa umri peke yake.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, mashindano hayaishi. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kufanyika katika nchi zetu tatu, Uganda, Kenya na Tanzania. Tutachagua pande tena, na safari hiyo mlangoni mwetu wenyewe. Basi chagua kwa moyo wako wote, kwa sababu yako mwenyewe, hata ikiwa ni mtoto mmoja tu aliyezaliwa kambini. Mwache jirani achague kwa sababu yake, wala usimlazimishe aitaje. Usimpe timu chakula au ada ya watoto wako, kwa maana timu haitakurudishia. Na kipenga cha mwisho kikilia, mtafute aliyeshindwa kabla hujaruka na walioshinda.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Huko Nakivale nilijifunza kwamba hata kushinda kuna adabu yake. Yule kinyozi alikuwa na haki ya kupiga kelele usiku kucha, lakini alikumbuka kwamba kukipambazuka banda lake na la mama fundi yangekuwa bado ubavu kwa ubavu.